Risasi, Ganda na Kichwa: Uhakiki wa Istilahi za Ujazaji wa Risasi za Bastola

Utangulizi

Miezi michache iliyopita mfasiri mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniletea rasimu ya kurasa kumi na mbili akaniomba niipitie kabla hajaikabidhi kwa aliyemwagiza kazi. Kurasa hizo zilitolewa katika kijitabu cha Kimarekani kinachowafundisha walenga shabaha namna ya kujaza wenyewe, kwa mikono, risasi za bastola za silinda. Sehemu kubwa ya maelezo ilihusu zile ambazo ncha yake ya risasi imepakwa shaba kwa nguvu ya umeme. Huko Marekani jambo hili ni la kawaida. Mlenga shabaha hayatupi maganda yaliyokwisha kutumika. Huyasafisha, huyarudisha katika umbo lake, akayatia fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha akapachika mdomoni kile kipande cha madini kitakachoruka. Hupunguza gharama, na hupata risasi inayolingana na silaha yake.

Nilipoifungua rasimu nilikutana na sentensi hii: «Usikaze risasi mno katika risasi, kwa kuwa risasi itakatika.» Nikasoma mbele kidogo: «Kwa risasi zilizofunikwa shaba tumia kiasi kilichoandikwa kwa risasi za risasi.» Nilicheka, na nadhani msomaji naye atacheka. Lakini nilipoiweka rasimu kando ya maandishi ya asili nilitambua kwamba hili si jambo la kuchekesha. Mtu anayefuata maelezo hayo yuko mbele ya baruti na chuma, na kosa la istilahi hapo halimalizikii kwenye karatasi.

Makala haya hayakusudii kumlaumu mfasiri huyo. Kosa si lake peke yake. Ni letu sisi tulioliacha neno moja libebe dhana tano. Nakusudia kuonyesha wapi istilahi zetu zimepungukiwa, kuzipima zile zilizokwisha kupendekezwa au kutumika, na kutoa mapendekezo ambayo walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaweza kuyajaribu.

Neno moja, dhana tano

Neno risasi limetoka katika Kiarabu, ambako ni jina la madini yale mazito na laini yanayoyeyuka kwa moto mdogo. Maana hiyo ya kwanza haijafa. Tunasema petroli isiyo na risasi, tunawaonya wazazi juu ya rangi zenye risasi, na mwalimu wa kemia huandika ubaoni kwamba risasi ni elementi. Kwa kuwa zamani kilichoruka kutoka katika bunduki kilikuwa donge la madini hayo, donge nalo likaitwa risasi. Bunduki za gobori zilipoondoka zikaja za kisasa, ambamo donge, baruti na fataki vimekusanywa pamoja katika ganda la shaba nyeupe, kifurushi kizima kikarithi jina la donge. Kisha makarani wakalipanua tena neno hilo lihusu kila kitu kinachotiwa ndani ya silaha: «silaha na risasi». Na mwishowe ufyatuaji wenyewe ukaitwa risasi; tunasema alipigwa risasi mbili, yaani alifyatuliwa mara mbili.

Basi madini, donge, kifurushi, zana zote kwa ujumla, na mfyatuko, vyote ni risasi. Katika mazungumzo hakuna tatizo, maana muktadha husaidia. Mgambo akisema «nimeishiwa risasi» hakuna atakayedhani kuwa ameishiwa madini. Tatizo huanza pale sentensi moja inapotaka kuzitaja dhana mbili au tatu kwa pamoja, na hiyo ndiyo tabia ya maandishi ya ufundi na ya sheria.

Mfano ulio bora kuliko wote nimeuona katika sheria wala si katika kijitabu cha walenga shabaha. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya kupinga utengenezaji na biashara haramu ya silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inaeleza maana ya zana hizi kwamba ni kile kifurushi kizima au sehemu zake, zikiwemo maganda, fataki, baruti na madonge yanayofyatuliwa, mradi sehemu hizo nazo zinahitaji idhini katika nchi inayohusika. Mfasiri asiyekuwa na istilahi ila moja ataandika: «Risasi maana yake ni risasi nzima au sehemu zake, zikiwemo maganda, fataki, baruti na risasi.» Sentensi hii haielezi kitu. Hakimu akiulizwa kama mtu aliyekamatwa na madonge matupu, bila baruti wala fataki, amekutwa na «risasi», atapata jibu gani humo? Katika lugha ya asili jibu limo. Sisi tumelifuta kwa kukosa maneno.

Makosa matatu ya rasimu

Turudi kwenye rasimu. Nitataja makosa matatu tu, kwa kuwa kila moja linafundisha jambo lake.

La kwanza ni kutotofautisha donge lililopakwa shaba na donge lililovikwa shaba. Mambo haya mawili ni tofauti kabisa kiwandani. Katika aina ya kwanza donge la madini ya risasi huzamishwa katika maji yenye chumvi za shaba, umeme ukapitishwa, na shaba ikajijenga juu yake kidogo kidogo mpaka ukapatikana utando mwembamba wa sehemu ndogo ya milimita. Kisha donge hugongwa tena katika kalibu ili lipate kipimo chake sawasawa. Katika aina ya pili shaba, ambayo mara nyingi huchanganywa na zinki kidogo, hutengenezwa kwanza peke yake kama kikombe, halafu kiini cha risasi kikashindiliwa ndani yake. Kikombe hicho ni kinene na kigumu zaidi ya utando ule.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua baruti ipimwe kiasi gani. Donge la utando ni laini. Likisukumwa kwa kasi kubwa mno utando huchanika ndani ya mtutu, shabaha ikapotea na madini yakaganda kwenye mifuo. Watengenezaji wengi huweka kikomo chake karibu na futi 1,200 kwa sekunde, yaani mita 366 hivi, ingawa zile za utando mnene huruhusiwa zaidi. Kwa upande mwingine, donge lenye kikombe kigumu hukwaruzana na mtutu kuliko donge tupu la risasi. Likipewa baruti haba laweza kukwama katikati ya mtutu. Na mfyatuaji asipotambua, risasi inayofuata huja kugonga nyuma yake na kuuvimbisha au kuupasua mtutu huo. Kwa sababu hiyo vitabu vya ujazaji vina majedwali mbalimbali: moja la madonge matupu, jingine la madonge yenye kikombe. Mwenye madonge ya utando huelekezwa aanze na jedwali la madonge matupu, au sehemu ya chini na ya kati ya jedwali la pili, kwa kufuata maagizo ya aliyeyatengeneza.

Sasa rasimu iliziita aina zote mbili «risasi zilizofunikwa shaba». Katika ukurasa wa tatu msomaji anaambiwa kwamba risasi zilizofunikwa shaba zisipewe baruti haba. Katika ukurasa wa tano anaambiwa kwamba risasi zilizofunikwa shaba zisipewe baruti nyingi. Kila agizo ni sahihi kwa aina yake. Kwa Kiswahili yamekuwa maagizo mawili yanayopingana juu ya kitu kimoja, na msomaji ameachiwa achague mwenyewe.

Kosa la pili ni kitenzi «kukaza». Ganda likishapokea donge, mdomo wake hufinywa ili lisichomoke. Katika bastola ya silinda jambo hili lina uzito wa pekee. Risasi moja inapofyatuka, silaha nzima hurudi nyuma kwa kishindo pamoja na maganda yaliyobaki katika silinda. Lakini madonge yaliyomo hutaka kubaki yalipokuwa. Mdomo usipofinywa vya kutosha, donge husogea mbele, likatokeza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Ukifinywa mno juu ya donge la utando, ukingo wa ganda huikata ile shaba, na utando uliokatwa huweza kuchanika unapopita mtutuni. Aidha, madonge mengi ya utando hayana mfuo wa kuzunguka ambao ukingo ungeweza kukunjwa ndani yake. Kwa hiyo kijitabu kinatofautisha namna mbili za kufinya: kuukunja ukingo kwa ndani, na kuubana mdomo pande zote bila kuukunja. Rasimu iliziita zote «kukaza», neno ambalo Mswahili hulitumia kwa parafujo na kamba. Fundi wa bunduki nisingemshangaa kama angetafuta bisibisi.

Kosa la tatu ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa matokeo. Rasimu iliandika «bastola» tu. Kiswahili chetu huita bastola silaha ile yenye silinda izungukayo na ile yenye magazini kitakoni. Katika silaha ya silinda ganda huzuiliwa mahali pake na ukingo wa kitako chake. Ndivyo zilivyo risasi za.38 Special na za .357 Magnum, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1935 na ambayo ganda lake ni refu kuliko la kwanza kwa milimita 3 na zaidi kidogo. Katika silaha nyingi za magazini, kama zile za milimita 9, ganda husimama juu ya ukingo wa mdomo wake. Mdomo huo ukikunjwa kwa ndani kama wa risasi za silinda, kipimo cha risasi katika chumba chake huharibika. Kumbe agizo lililo jema kwa bastola moja ni baya kwa nyingine, na neno letu halikuwatenga wenye silaha hizo mbili.

Kupima istilahi zilizopo

Je, tuunde maneno mapya? Kabla ya kwenda kuazima, ni desturi njema kufungua ghala yetu wenyewe.

Kamusi za zamani zinatupa neno kiasi kwa maana ya kifurushi kizima. Ni neno zuri lenye historia, lakini silipendekezi. Katika kazi hii baruti hupimwa kila mara, na kipimo chake hakina jina jingine ila kiasi. Tukisema «punguza kiasi» mtu hatajua kama apunguze baruti au apunguze idadi ya risasi. Tuliache neno hilo libaki kwa baruti.

Kitenzi kushindilia nacho kilitumika kwa bunduki za gobori, ambazo baruti na donge husukumwa kwa mtaimbo kutoka mdomoni. Mfasiri mwenye mapenzi na lugha angevutiwa kukitumia kwa ujazaji wa risasi. Ninamsihi asifanye hivyo. Kushindilia kunabeba picha ya kusukuma kwa nguvu, na baruti ya ganda haishindiliwi kwa mtaimbo. Kitenzi kujaza, ambacho hakina sifa yoyote ya pekee, ndicho kinachofaa: kujaza risasi, na kama maganda yamekwisha kutumika, kujaza upya.

Neno fataki, kwa upande wake, lilikuwa jina la kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, kabla halijahamia kwenye sherehe za mwaka mpya. Dhana ni ile ile na mahali pake ni pale pale. Lirudishwe kazini. Neno marisaa, kwa chembe ndogo ndogo za bunduki za ndege, nalo lisisahauliwe.

Kwa kifurushi kizima wako wanaopendekeza neno la kutohoa, katriji. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo kwa muda mrefu, kwa hoja kwamba risasi iachiwe donge peke yake, kama asili yake ilivyokuwa. Lakini nilibadili mawazo niliposikiliza jinsi watu wanavyosema. Taarifa za polisi hueleza kwamba katika eneo la tukio yameokotwa maganda kadhaa ya risasi na kichwa kimoja cha risasi. Hapo dhana tatu zimetengwa barabara: risasi ni kitu kizima, ganda ni kile kinachobaki, kichwa ni kile kinachoruka. Mfumo huu umeundwa na wenye kazi yao, unaeleweka, na hauhitaji kufundishwa. Tukija na katriji tutakuwa tunabomoa nyumba iliyosimama kwa sababu hatukuijenga sisi. Isitoshe, wananchi hawatakubali kuacha kusema «alikutwa na risasi ishirini», nasi tutabaki na istilahi ya kwenye kamusi tu.

Kwa hiyo neno kichwa ndilo ufunguo. Linasema mahali kipande hicho kilipo, na halidai kuwa kimetengenezwa kwa madini gani. Hapo «risasi ya risasi» inakuwa kichwa cha madini ya risasi, au kwa ufupi kichwa kitupu, na kicheko kinakwisha.

Kuchovya na ala

Inabaki tofauti ya utando na kikombe. Kwa utando sioni haja ya kwenda mbali. Masonara wetu husema pete ya kuchovya wakiitofautisha na ya dhahabu tupu, na kila mnunuzi anaelewa kuwa dhahabu iko juu tu. Kichwa kilichopitishwa katika maji ya shaba kimechovywa vile vile. Basi na kiitwe kichwa cha kuchovya. Neno linabeba pia onyo lake: aliyewahi kuvaa pete ya kuchovya anajua kwamba ikikwaruzwa hufichua yaliyo chini.

Kwa kikombe yametajwa maneno koti, gamba na ala. Koti ni kivuli cha lugha ya kigeni. Gamba lina sura nzuri, lakini linafanana mno na ganda kwa matamshi na kwa mwandiko. Kosa moja la mpiga chapa litageuza maana, na tumekwisha kuona kosa hilo linaweza kufanya nini. Ala ni ile ya kisu au upanga: hutengenezwa peke yake, na kitu kikatiwa ndani yake. Ndivyo kilivyo kichwa cha aina hii. Najua atatokea wa kusema kwamba ala ni vyombo vya muziki na vya kazi pia. Ni kweli, ila «kichwa chenye ala» hakiwezi kumpotosha mtu aliyekwisha kuona kisu kiunoni mwa mfugaji.

Tusidhani kuwa neno hili ni la walenga shabaha tu. Azimio la The Hague la mwaka 1899 liliwakataza wanajeshi kutumia vichwa vya risasi vinavyotanuka au kubapa kwa urahisi mwilini, kwa mfano vile ambavyo kifuniko chake kigumu hakifuniki kiini chote au kimechanjwa. Katazo hilo liliingizwa katika Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mwaka 2010, katika mkutano uliofanyika Kampala, yakapitishwa marekebisho ya kulipeleka hadi katika vita visivyo vya kimataifa. Maandishi ya Kifaransa na Kiingereza hutumia kwa kifuniko hicho neno ambalo katika ofisi zetu humaanisha bahasha. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba ni marufuku risasi zenye bahasha ngumu. Akiwa na istilahi tayari ataandika: vichwa vyenye ala ngumu isiyofunika kiini chote, au ala iliyochanjwa. Hapa jambo lenyewe ni uhalifu wa kivita, na eneo letu linalijua vizuri.

Mapendekezo

Nayapanga hapa kwa ufupi:

Zana za risasi: risasi na sehemu zake zote kwa ujumla, katika maandishi ya sheria.
Risasi: kifurushi kizima kilicho tayari kufyatuliwa.
Ganda: kikopo cha madini kinachoshika sehemu nyingine.
Fataki: kikofia kilipukacho kikigongwa.
Kiasi: uzito wa baruti iliyotiwa katika ganda moja.
Kichwa: kipande kinachoruka. Kichwa kitupu, kichwa cha kuchovya, kichwa chenye ala.
Madini ya risasi: elementi, kila inapotajwa katika maandishi yanayohusu silaha.
Kufinya mdomo: kuushika kichwa kwa mdomo wa ganda. Kukunja ukingo na kubana mdomo ni namna zake mbili.
Bastola ya silinda na bastola ya magazini: zisiachwe bila kutofautishwa katika maandishi ya ufundi.

Kipimo cha istilahi ni sentensi. Tuirudie ile ya itifaki: «Zana za risasi maana yake ni risasi nzima au sehemu zake, zikiwemo maganda, fataki, baruti na vichwa.» Na ile ya kijitabu: «Usifinye mdomo wa ganda mno juu ya kichwa cha kuchovya, kwa kuwa ukingo utaikata shaba.» Na ile nyingine: «Kwa vichwa vya kuchovya anza na kiasi kilichoandikwa kwa vichwa vitupu.» Hakuna hata moja inayohitaji kufafanuliwa mara ya pili.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza ni Waswahili wangapi wanaojaza risasi kwa mikono hata tuhangaike hivi. Ni wachache mno, na pengine ni vema wabaki wachache. Lakini wanaosoma hati za mashtaka, wanaotafsiri mikataba, wanaoandika taarifa za uchunguzi na wanaotoa ushahidi kizimbani si wachache, na wote hao hutumia neno lile lile moja. Mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kwa tofauti kati ya risasi, ganda na kichwa.

Nilimrudishia rafiki yangu rasimu yake ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu peke yangu: kama istilahi hizi zilikuwa zikisemwa na polisi na masonara siku zote, kwa nini hakuzikuta katika orodha yoyote aliyoifungua? Ninaliweka swali hilo mbele ya wasomaji. Walio na maoni juu ya ala, juu ya kichwa, au walio na maneno bora kutoka kwa mafundi wa bunduki wa kwao, wayalete tuyapime kwa sentensi kama tulivyoyapima haya.